Steshenari ya Kihonda iliyonikatalia CV yenye rangi: nyota nne kati ya tano

Niseme mapema ili mtu asije akaniumbua: siku hizi kila Jumamosi nakaa kwenye hii steshenari ninayotaka kuisifia, meza ya pembeni, nawaandikia watu katiba za vikundi. Sijalipwa kuandika haya na mwenye duka hajui kama naandika. Ila unaposoma ujue mwandishi amekalia kiti cha nani. Nitafika huko.

Duka lipo Kihonda, hapa Morogoro, fremu ya pili kutoka kwa muuza mkaa. Lina pazia la kijani na bango lililopigwa jua hadi neno "fotokopi" limebaki "foto". Jina silitaji, maana kuna mambo mawili nitayalalamikia na dada wa watu anakula kwa fremu ile ile. Wa Kihonda mtaijua tu.

Ndani kuna kompyuta mbili, printa kubwa inayokohoa mara tatu kabla ya kutoa karatasi ya kwanza, benchi la watu wanne, na kalamu ya wateja iliyofungwa mezani kwa uzi wa katani. Kazi zake ni za steshenari yoyote: fotokopi, kuskani, picha za pasipoti, kuwajazia wanafunzi maombi ya Bodi ya Mikopo msimu ukifika. Mimi naongelea huduma moja tu, ya kuandaa CV na kuombea watu kazi. Nimeshailipia sehemu nyingine pia, kwa hiyo nina cha kulinganisha.

Nilimaliza shahada ya sosholojia mwaka 2022. Ukiniuliza niliichaguaje, jibu la kweli ni hili: kidato cha tano nilipangiwa HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, kwa sababu hesabu nilipata F, na nilipomaliza mjomba akasema sheria ina ushindani, jaza na sosholojia usije ukakosa vyote. Nikaipata hiyo sosholojia. Hakuna siku mtu alinikalisha chini akaniuliza unataka uwe unaamka asubuhi ukafanye nini. Nikavaa joho, mama akapika pilau, kesho yake nikaingia mtaani.

Mtaani nimekaa miaka miwili. Nilikuwa na barua moja ya maombi, nabadilisha tarehe na jina la cheo. Afisa utumishi, nimo. Afisa masoko, nimo. Mkusanya madeni wa kampuni ya mikopo, nimo, na nashukuru Mungu hawakunijibu. Ukiniuliza wakati huo kwa nini sipati ningekwambia koneksheni. Sisemi koneksheni hazipo. Nasema barua yangu ilikuwa haijafika hata mahali pa kuhitaji koneksheni.

Kabla ya Kihonda nililipa 50,000 kwenye semina ya siku moja Dar es Salaam, ukumbi wa hoteli, nauli juu yangu. Hao nao siwataji. Mwezeshaji alikuwa na suti inayombana, akatusimamisha, akatuambia kila mmoja amtazame jirani yake machoni amwambie "mimi ni bidhaa adimu". Jirani yangu alikuwa mhitimu wa mambo ya uvuvi ambaye hakunywa chai asubuhi, na mimi vivyo hivyo. Bidhaa adimu mbili zikatazamana zikacheka. Jioni tukagawiwa kiolezo cha CV: picha kwenye duara, utepe wa bluu pembeni, na vijisanduku vya stadi unavyojaza rangi mwenyewe. Mawasiliano, asilimia 90. Uongozi, 85. Kujituma, 95. Niliipenda ile CV jamani. Niliituma kwa miezi saba.

Siku ninaingia kwa huyu dada, Agosti 2024, nilitaka nakala tatu za rangi, basi. Akafungua flashi, akaitazama kwenye kioo, akanigeukia.

"Mdogo wangu, hii tisini ya mawasiliano alikupima nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nakuuliza kweli. Ukikaa mbele ya watu wa usaili wakakuuliza utawaambia nini? Na hiyo kumi iliyobaki ina tatizo gani?"

Nikamwambia basi toa hiyo. Akasema tutoe na uongozi. Tukatoa na kujituma. Tukatoa picha, tukatoa utepe. Ikabaki karatasi yenye jina langu, shule nilizosoma, na wadhamini watatu, mmoja wao hata hajui kuwa ni mdhamini wangu. Nilijisikia kama nimevuliwa shati barabarani, na benchi zima linasikiliza.

Hapo ndipo alipofanya kitu kinachomstahilisha nyota zake. Akasogeza kibodi pembeni, akaniuliza maswali ya ajabu. Unaamka saa ngapi? Mpaka mchana unakuwa wapi? Hapo kwenu na mtaani, watu wakikwama wanakuita kwenye kitu gani? Nikamjibu sifanyi kitu dada, nakaa tu. "Hakuna mtu anakaa tu miaka miwili," akasema, "hata mgonjwa anageuzwa."

Ikabidi nimwambie kwamba Alhamisi huwa namwandikia mama hesabu za kikoba chao. Wako 22, na katibu wao macho yamechoka. Naandika hisa, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho, faini za kuchelewa. Nilianza 2021 nikiwa likizo ya chuo, nikaendelea kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka ile kazi. Akaniuliza kama hesabu zimewahi kugoma. Zimewahi: mwaka 2023, siku ya kuvunja kikoba, zilipishana 64,000, na akina mama walishaanza kutazamana vibaya. Nilikaa siku mbili na madaftari mpaka nikakuta rejesho la mtu mmoja limeandikwa mara mbili, mwishoni mwa ukurasa na mwanzoni mwa unaofuata.

"Kumbe kazi unayo," akasema. "Umeificha."

Akavuta kibodi akaandika mwenyewe, na ule mstari bado uko kwenye CV yangu mpaka leo: mtunza kumbukumbu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 22, Kihonda, 2021 hadi sasa. Chini yake akaweka mistari miwili, mmoja wa ninachokifanya na mwingine wa ile 64,000. Mimi nikapata moto, nikamwambia aandike meneja wa fedha. Akakataa. "Mweka hazina wenu yupo, mtu mzima, unataka umnyang'anye cheo bibi wa watu?"

Halafu akanifungulia tangazo la Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II. Nilikuwa nimeshaliona mara nyingi nikilipita, kichwani nikijua hizo ni kazi za waliosoma maendeleo ya jamii kule chuo cha Tengeru, Arusha. Kumbe kwenye sifa za mwombaji wameandika wazi elimu ya jamii, ambayo ndiyo sosholojia yangu hiyo hiyo kwa Kiswahili. Shahada yangu ilikuwa imeandikwa kwa lugha yangu, na bado niliiruka.

Hii ndiyo namna yake ya kusoma tangazo, na kama hutaki kulipia huduma yake iibe hii tu. Sisi tunaanza na cheo, tunashuka kwenye mshahara, sifa tunazisoma nusu, majukumu hatuyasomi kabisa. Yeye anaanza na majukumu. Anaweka kidole kwenye kila jukumu na kuuliza: hili umewahi kulifanya? Wapi? Nani alikuona? Likipata jibu linaingia kwenye barua, lisipopata linarukwa. Tangazo lile lilitupotezea robo tatu ya saa, watu wa fotokopi wanaguna. Lakini tulipomaliza barua ilikuwa na aya tatu fupi na zote zilikuwa mimi. Tena niliona kwa mara ya kwanza kwamba majukumu yale, kuhamasisha vikundi, kuvielekeza na kuvifuatilia, ni Alhamisi zangu zile zile, isipokuwa zinalipwa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ule usumbufu wa mama ni fani.

Sasa upande wa maombi yenyewe. Kazi nyingi za serikali zinapita Ajira Portal, tovuti ya maombi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Barua inaandikwa kwa Katibu, S.L.P. 2320 Dodoma, inasainiwa kwa mkono ndipo inaskaniwa. Vyeti viwe vyenyewe, vimethibitishwa na wakili. Hati ya matokeo haikubaliki, wala ile karatasi ya matokeo ya muda ya chuo. Haya yote yameandikwa kwenye kila tangazo na bado watu tunaangukia humo humo.

Mimi nilikuwa naangukia kwenye herufi moja. Cheti changu cha kidato cha nne jina la babu linaishia na i. Kwenye kitambulisho cha taifa, cha NIDA, hiyo i haipo. Dada aliiona akiwa anaskani: aliviinua vile vikaratasi viwili dirishani, kimoja juu ya kingine, akagonga pale kwa ukucha. Akanituma kwa wakili nikatengeneze hati ya kiapo ya majina kabla hajagusa kitu kingine, na hela yangu akairudisha nusu hadi nitakapokuja na hiyo hati. Siwezi kujua ni maombi mangapi yaliishia kwenye ile i, na sipendi kulifikiria.

Na kukataa hela ndiyo tabia yake. Siku nimerudi na hati yangu aliingia mzee mmoja wa makamo, dereva wa daladala, anataka aombewe nafasi ya dereva Daraja la II halmashauri fulani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leseni hii hapa, daraja C. Na hii karatasi ya form foo."

Dada akaigeuza ile karatasi. Ilikuwa hati ya matokeo, imekunjwa mara nne, kwenye mikunjo imeshaanza kuwa vitambaa. Akamwambia cheti chenyewe hakipo hapa baba, kiko shuleni kwako kinakusubiri. Mzee akasema tangazo linafungwa Ijumaa, we jaza tu mwanangu, elfu tano hii. Akairudisha ile elfu tano mezani upande wa mzee. Akamuuliza na cheti cha mafunzo ya udereva ya VETA kama anacho, mzee akasema miaka kumi na tisa yuko barabarani afundishwe nini tena. Dada akamwambia miaka yako naiamini baba, kompyuta ya Dodoma haikujui. Akamwandikia kwenye kipande cha boksi vitu viwili vya kufuatilia na akamwambia tangazo jingine litakuja, hizi nafasi za madereva haziishi. Yule mzee aliondoka amenuna. Nilikuwa nimekaa benchini, najua steshenari ngapi mjini hapa zingejaza tu, zikachukua ile elfu tano.

Haya, malalamiko.

La kwanza ni desa la usaili, zile karatasi za maswali na majibu. Anaziuza zimebanwa pini, 3,000, zinaning'inia kwenye kamba nyuma yake kama nguo za mtoto. Nilinunua. Ukurasa wa nne kuna swali la mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na jibu limeandikwa wanawake 5, vijana 5. Huo ni utaratibu wa zamani. Ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na sheria hiyo ni ya tangu 2018. Mimi nilisahihishwa na akina mama wa kikoba, si na kitabu chochote: mikopo iliposimamishwa 2023 walikuwa na maombi yao mkononi, kwa hiyo ile nne-nne-mbili wanaisema kama wanavyosema sala. Nilipomwonyesha dada, akasema hilo desa alilipata kwa mtu, akalirudufu hivyo hivyo. Mtu anayekagua i ya babu yangu dirishani anauza desa ambalo hajalisoma! Alilitoa kwenye kamba wiki hiyo, namshukuru, ila yaliyokwisha kuuzwa yako mikononi mwa watu.

La pili ni zito zaidi. Ana kauntabuku anamoandika barua pepe na paswedi za wateja wote. Sababu yake naielewa: watu wanafunguliwa akaunti, wanasahau, wanakuja siku ya kuitwa usaili wanalia. Lakini mle ndani mna mtu mzima mzima: namba ya NIDA, vyeti, simu, wadhamini. Na kauntabuku lenyewe linakaa juu ya meza, karibu na kikombe cha chai. Nilimwomba afute yangu, akafuta kwa kalamu nyeusi bila ubishi, nikaibadilisha jioni ile ile kwenye simu. Ukienda, fanya hivyo. Barua pepe fungua mwenyewe nyumbani, andika paswedi mahali pako, akiuliza mwambie utaijaza kwa mkono wako. Hakasiriki. Nyota moja imekwenda hapo, na wala sikupunguza kwa hasira.

Matokeo? Niliitwa usaili wa mchujo. Namba ya mtihani unainakili mwenyewe kutoka kwenye akaunti yako kabla, ukifika pale hakuna wa kukupa, na nauli, chakula na pa kulala ni juu yako. Dada aliniandikia namba yangu kwenye kifuniko cha boksi la karatasi za A4 kwa maka pen, kubwa kama tangazo la nyumba inapangishwa. Niliikunja nikaitia kwenye soksi. Mchujo nikapita. Kwenye mahojiano Dodoma nilikuwa natetemeka maswali mawili ya mwanzo, halafu mmoja akasoma CV na kuuliza hiyo 64,000 uliipataje. Nikawaeleza ukurasa kwa ukurasa. Wakaniuliza na yule mama ambaye rejesho lake liliandikwa mara mbili alichukuliaje. Nikawaambia alilia, maana walishaanza kumnong'ona. Hapo ndipo nilipoongea kirefu kuliko popote, na sikutumia neno hata moja la ile semina.

Jina langu halikuwemo kwenye orodha ya walioitwa kazini. Kuna wanaoitwa baadaye kutoka kanzidata, ile orodha ya waliofaulu usaili wakakosa nafasi, kwa hiyo PDF mpya ya majina ikitoka naifungua kama kila mtu, nashuka na kidole.

Ila mikopo ya halmashauri iliporudi, vikundi vilianza kumiminika pale dukani vikitaka katiba na mihtasari ya vikao, na dada kuchapa anajua ila kikundi hakijui. Akanipigia: "Mdogo wangu, meza ipo, njoo uifanye kazi yako." Katiba moja natoza 20,000, yeye anachukua 5,000 ya umeme na karatasi. Siandiki kabla sijawakalisha viongozi wote watatu nikawauliza mkopo mkipata mtaanza kurejesha kwa hela ipi. Kuna kikundi cha vijana wa matofali kilisimama kikaondoka kwa swali hilo, kikarudi baada ya wiki mbili kikiwa na jibu.

Bei zake kama zilivyo sasa: CV mpya 10,000 na hiyo ni pamoja na kuhojiwa, kuirekebisha 2,000, barua 1,000 kwa ukurasa, kuskani 500, kuombewa kazi kwenye portal 5,000. Nenda asubuhi, kabla ya saa nne, maana mchana umeme wa mtaa ule haueleweki na jioni wanafunzi wamejaa. Beba vyeti vyenyewe na kitambulisho cha NIDA au namba yake. Ukikuta yupo mdogo wake wa kiume kwenye kompyuta ya dirishani, mwambie unamsubiri dada. Ni kijana mzuri na anachapa haraka sana, ila barua yangu ya kwanza kabisa aliielekeza S.L.P. 2032.